Hesabu ya Shata: Historia ya Namba Iliyogeuka Bei ya Kamera

Katika biashara ya kamera za kidijitali zilizokwisha kutumika, ipo namba moja ambayo muuzaji huitaja mapema iwapo ni ndogo na huinyamazia iwapo ni kubwa, nayo ni idadi ya mara ambazo shata ya kamera hiyo imefunguka na kujifunga tangu itoke kiwandani. Shata ni kilango chembamba kinachokaa mbele ya filamu, au mbele ya kihisi, yaani kile kipande cha elektroniki kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha, na kazi yake ni kuuruhusu mwanga upite kwa muda uliopimwa, ambao huweza kuwa sekunde nzima au sehemu moja tu ya elfu nane ya sekunde, kisha kuuzuia. Kwa kuwa kilango hicho kina vipande vinavyosogea, springi zinazokazwa na kufyatuliwa, na breki zinazopokea kishindo, kila picha hukipunguzia umri kidogo, na kwa hiyo mnunuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, sawa na yule wa Nakano jijini Tokyo, hutaka kujua hesabu ya shata kabla ya kukubali bei. Hata hivyo namba hiyo haikuwekwa ndani ya kamera kwa ajili ya mnunuzi. Iliwekwa kwa ajili ya fundi wa kampuni, ikahifadhiwa mahali ambapo mtu wa kawaida hakutarajiwa kufika, na ikatolewa hadharani na watu wa nje waliochambua mafaili ya picha bila msaada wa watengenezaji. Na historia ya safari hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini leo namba hiyo inabebeshwa maana kubwa kuliko ile iliyoundwa kuibeba.

Kwa miongo ya mwanzo ya upigaji picha, wapigapicha wengi hawakuwa na haja ya shata yoyote. Njia ya Louis Daguerre, iliyotangazwa Paris mwaka 1839, ilihitaji bamba lililopakwa fedha likae mbele ya mwanga kwa dakika kadhaa, na ingawa njia ya bamba bichi la kolodioni, iliyotolewa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilipunguza muda huo hadi sekunde chache, sekunde chache bado ni muda ambao mkono wa binadamu unaweza kuutawala: mpigapicha alivua kifuniko cha lenzi, akahesabu, akakirudisha. Picha za mapema za mji wa Zanzibar, zikiwamo zile alizopiga James Augustus Grant mwaka 1860 alipokuwa akijiandaa kuingia bara pamoja na John Hanning Speke, ni za zama hizo. Kamera ya wakati huo ilikuwa sanduku la mbao lenye lenzi upande mmoja na bamba upande wa pili, bila shata ya kuchakaa.

Aliyeuvunja utaratibu huo ni daktari Mwingereza Richard Leach Maddox, ambaye mwaka 1871 alipendekeza bamba kavu la jelatini, na wengine wakaliboresha katika miaka iliyofuata hadi likawa na wepesi mkubwa wa kupokea mwanga, kiasi kwamba sehemu ndogo ya sekunde ilitosha kulichoma picha. Mkono haukuweza tena kufanya kazi hiyo. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi na kuziwekea shata zilizofyatuliwa na nyuzi zilizokatiza njia hiyo, akapata kuonyesha kwamba farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa wakati mmoja. Na miaka kumi baadaye, mwaka 1888, Mjerumani Ottomar Anschütz alipata hataza ya shata ya pazia, yaani kitambaa chenye mwanya kinachopita kwa kasi karibu kabisa na bamba, ambayo iliweza kutoa muda wa 1/1000 ya sekunde. Mpangilio huo wa Anschütz, wa pazia linalokimbia mbele ya mahali picha inapotua, ndio uliorithiwa na kamera nyingi zinazobadilishwa lenzi mpaka leo. Upande wa pili ulikuwapo ukoo mwingine, wa shata zinazokaa ndani ya lenzi yenyewe na kufunguka kutoka katikati kwenda pembeni, ambao jina lake kubwa ni Compur ya Friedrich Deckel wa Munich, iliyotoka mwaka 1912. Ukoo huo ulidumu sana katika kamera za studio, lakini si huo ulioleta suala la kuhesabu.

Kuhesabu kwenyewe kulianza mapema, ila kilichohesabiwa hakikuwa shata. George Eastman alipotoa kamera ya Kodak mwaka 1888, aliiuza kwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake, na mteja aliyezimaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani, ambako filamu ilisafishwa na nyingine kuwekwa kwa dola 10. Kamera hiyo haikuwa na kihesabio, hivyo mteja alilazimika kukumbuka au kuandika mwenyewe picha alizokwisha kupiga. Katika miaka ya 1890 likaja dirisha dogo jekundu nyuma ya kamera, ambalo kupitia kwake namba zilizochapwa kwenye karatasi ya mgongo wa filamu zilisomeka. Na Leica ya kwanza, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuonyeshwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1925, ikawa na kisahani chenye namba ambacho mpigapicha alikirudisha sifuri kwa kidole kila alipoweka filamu mpya. Leica M3 ya mwaka 1954 iliondoa hata wajibu huo, kwa kuwa kihesabio chake kilijirudisha chenyewe filamu ilipobadilishwa. Katika maendeleo yote haya, swali lililojibiwa lilikuwa moja, nalo ni filamu imebaki kiasi gani, na kila jibu lilifutwa filamu ilipoisha, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeona faida ya kujua jumla ya maisha yote ya kamera.

Kutoonekana kwa faida hiyo kulikuwa na sababu za kiuchumi zilizo wazi. Filamu ya milimita 35 ilikuwa na picha 36, na kila picha iliyopigwa ililipiwa mara tatu, yaani kununua filamu, kuisafisha na kuichapa, hivyo gharama yenyewe ilikuwa breki juu ya kidole cha mpigapicha. Mtu aliyetaka kuifikisha shata kwenye picha 100,000 alihitaji filamu zisizopungua 2,778, na kama angemaliza filamu moja kila siku bila kupumzika angetumia zaidi ya miaka saba na nusu kufika huko. Waandishi wa habari na wapigapicha wa michezo walifika. Mwenye studio ya mtaani au baba aliyepiga picha za sikukuu hakukaribia hata robo yake, na kamera yake ilimwishia kwa kutu, kwa ukungu ndani ya lenzi au kwa kuanguka, shata ikiwa bado nzima.

Kwa hiyo mnunuzi wa kamera ya filamu iliyotumika hakuwa na namba ya kuuliza, naye alijifunza kusoma chombo chenyewe, na ujuzi huo unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu umeanza kupotea. Alitazama kona za kamera nyeusi kuona kama rangi imechubuka hadi shaba ikajitokeza, dalili ya miaka mingi ndani ya mfuko na nje ya mfuko. Alifungua mgongo na kukagua bamba linaloikandamiza filamu pamoja na reli zake, kwa kuwa maelfu ya mita za filamu yaliyopita hapo huacha mistari ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuisugua ikaisha. Kwenye Leica na kamera zilizofuata mfano wake, ambazo pazia lake lilikuwa kitambaa chenye mpira, alimulika taa upande mmoja akitafuta matundu madogo upande wa pili, kwa sababu lenzi iliyoachwa ikitazama jua huukusanya mwanga na kukichoma kitambaa hicho. Contax ya Zeiss Ikon ya mwaka 1932 ilikwepa tatizo hilo kwa kutumia vibamba vya chuma vilivyoshuka kutoka juu kwenda chini, lakini vibamba vile vilifungwa kwa utepe wa hariri, na utepe ulipokatika shata yote ilisimama, hivyo kwa kamera hiyo mnunuzi aliuliza utepe ulibadilishwa lini. Hatimaye aliweka kasi ya sekunde moja, akafyatua, akasikiliza: gia ndogo za ndani zilitakiwa kutoa mlio mmoja ulionyooka mpaka mwisho, na mlio uliokwama katikati ulimwambia kwamba mafuta yameganda. Huo ulikuwa ukaguzi wa macho na masikio, usiotoa namba yoyote, na bado ulieleza hali ya kamera nzima kuliko namba nyingi za leo.

Watengenezaji nao walikuwa wakipambana na uchakavu kwa njia zao. Nikon F ya mwaka 1959 ilitumia pazia la titani badala ya kitambaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Copal ya Japani ikaleta shata ya vibamba vya chuma iliyoitwa Copal Square, ambayo ilitengenezwa kama kifaa kamili kinachoweza kuuzwa kwa kampuni yoyote ya kamera na kufungwa ndani yake, kama ilivyofungwa ndani ya Nikkorex F ya mwaka 1962. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu shata iliyo kifaa kinachojitegemea ni shata inayoweza kuwekwa peke yake juu ya meza ya majaribio, ikafyatuliwa mchana na usiku hadi ivunjike, na mhandisi akaandika namba iliyofikiwa. Kufikia miaka ya mwisho ya filamu namba hizo zilikuwa zimeingia katika vitabu vya matangazo: Nikon F5 ya mwaka 1996 na Canon EOS-1V ya mwaka 2000 zote zilitangazwa kuwa na shata zilizojaribiwa kwa mizunguko 150,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kufunguka na kufunga mara moja. Basi kikomo kilitangazwa kwa umma wakati ambapo mwenye kamera wa kawaida hakuwa na njia ya kujua yeye mwenyewe amefika wapi, na pengo hilo kati ya kikomo kinachojulikana na hesabu isiyojulikana ndilo ambalo kamera ya kidijitali ilikuja kulijaza.

Kamera ya kwanza ya kidijitali yenye kioo na lenzi inayobadilishwa iliyouzwa madukani, Kodak DCS ya mwaka 1991, ilikuwa Nikon F3 ya filamu iliyowekewa kihisi cha megapikseli 1.3, na bei yake iliyofika dola 20,000 iliiweka hasa mikononi mwa mashirika ya habari. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilishusha bei, na Canon EOS 300D ya mwaka 2003, iliyouzwa chini ya dola 1,000, ikawafikia watu wa kawaida. Zote zilikuwa bado na kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpigapicha na shata nyuma yake, kama kamera za filamu zilizozitangulia. Kilichobadilika ni gharama ya kufyatua, ambayo ilishuka karibu na sifuri, na breki iliyokuwa juu ya kidole ikaondoka. Kamera inayopiga mfululizo picha 10 kwa sekunde ina uwezo wa kumaliza mizunguko 100,000 kwa sekunde 10,000, yaani muda usiofika saa tatu, ijapokuwa hakuna anayeitumia hivyo kwa mkupuo mmoja. Mpigapicha wa harusi aliyekuwa akitumia filamu kumi kwa sherehe moja sasa alirudi nyumbani na picha elfu mbili, na baada ya sherehe 50 alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo mtumiaji wa filamu moja kwa siku alihitaji zaidi ya miaka saba na nusu kufika. Kwa mara ya kwanza shata ikawa kipande kinachoweza kufa kabla ya kamera nyingine yote, na kamera ambayo thamani yake ilishuka haraka kila ulipotoka mtindo mpya ikaingia sokoni kwa mkono wa pili ikiwa na umri ambao macho hayawezi kuuona.

Wakati huohuo njia ya kuuona umri huo ilikuwa imefunguliwa bila kukusudiwa. Mwaka 1995 chama cha Japani cha maendeleo ya tasnia ya elektroniki, JEIDA, kilitoa kanuni iitwayo Exif, inayoeleza jinsi kamera inavyopaswa kuandika ndani ya faili la picha habari kama tarehe, kasi ya shata na upana wa tundu la lenzi. Kanuni hiyo iliacha chumba kimoja cha faragha, maelezo ya mtengenezaji, ambamo kila kampuni iliruhusiwa kuandika inachotaka kwa mpangilio wake wenyewe bila kuueleza kwa mtu yeyote, na ndani ya chumba hicho baadhi ya kampuni, Nikon ikiwa ya kukumbukwa zaidi, ziliandika katika kila picha hesabu ya shata mpaka picha ile. Namba hiyo ni tofauti kabisa na namba ya jina la faili, ambayo wanunuzi wasiojua bado hudanganyika nayo, kwa kuwa kanuni ya majina ya mafaili iliyotolewa mwaka 1998 ina tarakimu nne tu, hivyo baada ya 9999 huanza upya, na mwenye kamera anaweza kuirudisha mwanzo wakati wowote kupitia menyu.

Waliouvunja ukimya wa chumba hicho walikuwa watu wachache waliofanya kazi hiyo kwa mapenzi. Mmarekani Dave Coffin alianza mwaka 1997 kuandika dcraw, programu ya bure ya kusoma mafaili ghafi ya kamera za kampuni zote, na mwaka 2003 Phil Harvey wa Kanada akatoa ExifTool, ambayo imekua hadi kuwa kamusi kubwa kuliko zote ya maana za siri za watengenezaji. Kazi yao haikuwa rahisi, kwani ilibidi mtu apige picha mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, alinganishe baiti kwa baiti, na akisie ni tarakimu ipi iliyobadilika kwa sababu gani. Mwaka 2005 ugomvi ukazuka hadharani ilipofahamika kwamba Nikon ilikuwa imesimba, yaani imefunga kwa msimbo wa siri, habari za urari wa rangi nyeupe katika mafaili ya D2X, na Thomas Knoll, mmoja wa waanzilishi wa Photoshop, akalalamika kwamba mpigapicha anazuiwa kuimiliki picha yake mwenyewe. Coffin aliufungua msimbo huo, na katika kuufungua ikadhihirika kwamba kamera hizo hutumia vitu viwili kama ufunguo: namba ya utambulisho wa kamera, na hesabu ya shata. Hesabu yenyewe iliachwa wazi ndani ya faili, na habari nyingine zikafungwa kwayo, hivyo programu yoyote iliyotaka kusoma siri za Nikon ililazimika kwanza kuisoma hesabu ya shata. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa namba iliyowekwa kwa shabaha moja na kuishia kufanya kazi nyingine.

Kampuni nyingine zilikuwa na tabia tofauti, na tofauti hizo ndizo zinazomsumbua mnunuzi mpaka sasa. Canon kwa kamera zake nyingi haikuiandika hesabu ndani ya picha bali iliiweka katika kumbukumbu ya kamera, ambako ilisomwa kwa waya wa kompyuta na programu ambazo watu wa nje waliziandika baada ya kuchunguza mazungumzo kati ya kamera na vifaa vya karakana. Pentax na Sony ziliiandika ndani ya faili lakini kwa msimbo, ambao nao ulifunguliwa. Olympus iliificha kwenye kurasa za huduma zinazofunguka kwa kubonyeza vitufe kwa mfuatano maalumu. Canon EOS-1D X ya mwaka 2012, kamera ya wataalamu, ilikuwa miongoni mwa chache zilizoionyesha kwenye menyu kwa uwazi, na hata hapo ilionyeshwa kwa maelfu kamili. Gari lililotumika kutoka Japani hufika bandarini na kilomita zake zikiwa kwenye dashibodi mbele ya kila mtu, na anayezirudisha nyuma hujulikana kuwa mdanganyifu. Kamera iliyotoka nchi hiyohiyo ilifichwa umri wake na mtengenezaji mwenyewe, na hakuna sababu ya kiufundi iliyolazimu hivyo. Kuificha namba ambayo kampuni yenyewe iliitangazia kikomo katika vitabu vya mauzo lilikuwa kosa dhidi ya wateja, na waliosumbuka zaidi ni wale walio mbali na vituo vya matengenezo vya kampuni, kama walivyo wapigapicha wengi wa Afrika Mashariki, ambao kwao shata iliyokufa huweza kuwa ndiyo mwisho wa kamera.

Mara namba ilipopatikana, soko liliipa mamlaka upesi. Vikomo vilivyotangazwa vikawa vipimo vya bei: Canon EOS 5D ya mwaka 2005 na Nikon D90 ya mwaka 2008 zilihesabiwa kuwa za mizunguko 100,000, Nikon D3 ya mwaka 2007 ikawa ya 300,000, EOS-1D X ya 400,000, na EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ikafika 500,000, na mnunuzi akawa anagawa hesabu kwa kikomo na kujiambia kwamba kamera imebakiza nusu au robo ya maisha yake. Hesabu hiyo ya kugawa haina msingi. Kikomo ni matokeo ya majaribio ya kampuni katika mazingira yasiyo na vumbi wala chumvi ya bahari, nayo si ahadi kwamba shata itafika hapo wala onyo kwamba itakufa ikivuka, na zipo zilizovunjika mapema sana kama zilivyopo zilizopita mara mbili ya kikomo chake bila kufunguliwa. Zaidi ya hayo, namba huhesabu kipande kimoja tu. Kuanzia mwaka 2008, D90 na EOS 5D Mark II zilipoingiza video katika kamera za kioo, shata huweza kufunguka mara moja na kukaa wazi kwa dakika nyingi huku kihisi kikipata joto, hivyo kamera iliyorekodi harusi mwaka mzima huja sokoni na hesabu ndogo ya kuvutia. Na kinyume chake, kamera iliyokaa juu ya meza ya studio ikipiga bidhaa mfululizo huwa na hesabu kubwa na mwili usio na mkwaruzo.

Namba hiyo pia haifuati kila mara kipande inachodaiwa kukieleza. Huhifadhiwa katika ubao wa elektroniki wala si ndani ya shata, kwa hiyo shata mpya huweza kufungwa na hesabu ikaendelea kutoka pale ilipokuwa, na ubao mpya ukifungwa, shata kongwe huweza kuonekana changa. Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, ni mfano ulio katika kumbukumbu za umma: baada ya malalamiko ya madoadoa yaliyotokea kwenye picha, kampuni ilitangaza mwaka 2014 kwamba ingezikagua kamera hizo, kuzisafisha na kubadilisha shata pamoja na vipande vyake bila malipo, na hivyo D600 yenye hesabu kubwa huenda ikawa na shata yenye umri mdogo kuliko ile yenye hesabu ndogo ambayo mwenyewe hakuipeleka. Na programu zilezile zinazosoma maelezo ndani ya faili zinaweza kuyaandika upya, jambo linalofanya picha iliyotumwa na muuzaji isiwe ushahidi wa chochote. Ushahidi ni faili lililopigwa mbele ya mnunuzi na kutolewa moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu, bila kupitia simu wala programu ya kuhariri, ambazo nyingi hukifuta au kukiharibu kile chumba cha maelezo ya mtengenezaji.

Kamera zisizo na kioo, ambazo kihisi chake hutazama nje muda wote ili kulisha skrini, zimeichanganya hesabu hii zaidi. Katika kamera hizo shata hukaa wazi, hivyo kwa picha moja ya kawaida hulazimika kufunga, kufunguka, kufunga tena na kufunguka tena, na watengenezaji wakapunguza kazi hiyo kwa kukiachia kihisi chenyewe kianzishe picha kwa umeme na pazia la chuma likaimalizia tu. Sony A9 ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kihisi kinachosomwa kwa kasi kubwa kinaweza kupiga picha 20 kwa sekunde bila pazia kusogea, na ndani ya baadhi ya kamera mpya za Nikon zimeanza kuandikwa hesabu mbili, moja ya picha zote na nyingine ya zile zilizopigwa kwa shata ya chuma, ambazo huweza kutofautiana sana. Mnunuzi anayesomewa hesabu ya kwanza akidhani ni ya pili hulipa bei isiyo ya haki, juu au chini.

Mwaka 2021 Nikon ilitoa Z9, kamera ya wataalamu isiyo na shata ya chuma kabisa, na mwaka 2023 Sony ikatangaza A9 III, ambayo kihisi chake husoma picha nzima kwa wakati mmoja. Kamera hizi zitakapojaa katika masoko ya mitumba, hesabu itakayosomwa ndani yake itakuwa idadi ya picha tu, isiyoeleza uchakavu wa pazia lolote, ilhali saa ambazo kihisi kimefanya kazi na kupata joto hazionyeshwi kwa mnunuzi. Kwa kamera zenye shata, ambazo bado ni nyingi na zitaendelea kuuzwa kwa miaka mingi, mnunuzi aombe faili lililopigwa mbele yake, asome hesabu, kisha apige ukuta mweupe kwa kasi ya juu kabisa ya kamera mara kadhaa na kutazama kama upande mmoja wa picha ni mweusi kuliko mwingine, kwa kuwa ukanda wa giza unamaanisha kwamba pazia moja linachelewa, hata kama namba ni ndogo kiasi gani. Na watengenezaji, ambao kwa zaidi ya miaka ishirini wamewaachia wengine kazi ya kuutafuta umri wa kamera zao, wanapaswa kuuweka wazi kwenye menyu: hesabu ya shata pale ilipo, na saa za kihisi kwa kila kamera.